Mistari ambayo haikuchorwa: uchambuzi wa rangi ya gitaa la Eddie Van Halen

Ukiangalia picha ya gitaa jekundu la Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki wa Marekani, lile linalojulikana kama Frankenstrat, jicho linakupa jibu la haraka: alipaka bodi (kiwiliwili cha gitaa) nzima nyekundu, kisha akapitisha mistari myeupe na myeusi juu yake. Wengi wanaojaribu kulinakili hufuata jibu hilo, na kazi inawatoka vibaya bila kujua wamekosea wapi. Kwenye gitaa lenyewe nyekundu ndiyo rangi iliyokuja mwisho. Nyeupe na nyeusi zilikuwepo kabla yake, na mistari ni zile sehemu ambazo nyekundu ilizuiwa kufika.

Nalichambua gitaa hili kwa kirefu kwa sababu ni kazi ya nyumbani. Halikutoka kiwandani likiwa hivyo na halikupelekwa kwa fundi wa kulipwa. Vilitumika makopo ya rangi ya kupuliza, tepu ya karatasi na bodi ya bei ya chini, vitu ambavyo mtu yeyote anayependa kupaka magitaa kwa kujifurahisha anaweza kuvipata. Na kati ya magitaa yote ya umeme yaliyopakwa rangi na wenyewe, sijaona lingine ambalo hatua za kazi zinasomeka wazi namna hii juu ya uso wake.

Bodi iliyokuja bila rangi

Eddie Van Halen alizaliwa Amsterdam tarehe 26 Januari 1955, na mwaka 1962 familia yake ikahamia Pasadena, California. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa kijana anayepiga na bendi yake kwenye sherehe za majumbani na kumbi za Los Angeles, na alikuwa na shida ambayo gitaa la dukani halikuimaliza. Alitaka mlio mnene wa magitaa ya Gibson. Wakati huohuo alitaka tremolo ya Fender Stratocaster, ile fimbo ya kulegeza na kukaza nyuzi zote kwa pamoja ili sauti ishuke na kupanda. Kwa kuwa vitu hivyo viwili vilikuwa kwenye magitaa mawili tofauti, akaamua kujiundia la kwake.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, bodi aliinunua kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Bodi ilikuwa ya mti wa ashi, tena ya daraja la pili, yaani ilikuwa na dosari iliyoifanya isiuzike kwa bei kamili. Aliichimba kwa patasi ili iingie pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya koili mbili aliyoing'oa kwenye Gibson ES-335. Pikapu hiyo aliichovya kwanza kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa, ili isipige mluzi sauti inapopandishwa sana. Akaweka kitasa kimoja tu cha sauti, na juu yake akavisha kifuniko kilichoandikwa "Tone". Shingo ya mepo aliiacha mbao tupu nyuma, bila laka, kwa sababu alipenda mkono uteleze juu ya mbao yenyewe.

Rangi inaanzia kwenye bodi hiyo. Bodi ya namna hiyo inakuja uchi, na mbao iliyo uchi hunyonya jasho na uchafu. Aliyeinunua lazima aamue afanye nini na uso wake. Mtu mwenye gitaa zuri la kiwandani huogopa kulipulizia rangi, maana ataharibu kitu chenye thamani. Bodi ya dola 50 iliyokwisha kuchimbwa kwa patasi haina thamani ya kulinda, na mwenye nayo yuko huru. Kwa maoni yangu, uhuru huo ndio uliozaa gitaa hili kuliko kipaji chochote cha uchoraji. Ndiyo maana anayeanza kupaka magitaa mimi humwambia atafute bodi ya bei rahisi, iliyotumika, yenye makovu, aanze nayo hiyo.

Tepu ya karatasi

Albamu ya kwanza ya bendi yake, iliyoitwa Van Halen, ilitoka tarehe 10 Februari 1978, na kwenye jalada lake gitaa linaonekana likiwa bado halina nyekundu hata tone. Ni jeupe lenye mistari myeusi. Hapo napo mpangilio ni uleule wa kinyume: bodi ilipulizwa nyeusi kwanza, ikaachwa ikauke, ikabandikwa vipande vya tepu kila upande, kisha nyeupe ikapulizwa juu ya vyote. Tepu zilipobanduliwa, nyeusi ikabaki imeonekana pale tu zilipokuwa zimekaa.

Aliyewahi kuona mafundi wa batiki wakifanya kazi anaijua mantiki hii bila kufundishwa. Nta hupakwa pale unapotaka rangi ya chini ibaki, na kitambaa kizima kinatumbukizwa kwenye rangi inayofuata. Mchoro unatokana na pale ulipozuia. Tepu kwenye gitaa inafanya kazi ya nta.

Ukishaelewa hivyo, mambo mengi ya gitaa hili yanajieleza. Kwanza, mistari yote imenyooka. Tepu ya karatasi haipindi kirahisi. Ukiilazimisha inakunja makunyanzi na rangi inapenya chini yake. Kwa hiyo mkono unavuta kipande kutoka ukingo mmoja wa bodi mpaka mwingine, unakata, unavuta kingine kwa pembe tofauti. Pili, upana unabadilika. Kuna mapande mapana na mengine membamba sana, na yanakatizana kwa pembe ambazo hazijirudii.

Tatu, angalia pale mistari miwili inapokatizana. Mistari iliyochorwa kwa brashi huonyesha mmoja ukipita juu ya mwenzake, hata kama ni wa rangi ileile, kwa sababu rangi ina unene. Mistari iliyozuiwa kwa tepu haina wa juu wala wa chini. Yote miwili ni rangi ileile ya chini iliyoachwa wazi, na pale inapokutana inakuwa umbo moja lisilo na mshono. Hicho ndicho kipimo changu cha haraka ninapoonyeshwa nakala: natazama kwenye makutano kabla ya kutazama kitu kingine.

Nne, mistari haikomi kwenye ukingo wa uso wa mbele. Inazunguka ubavuni, kwa sababu mtu anayebandika tepu kwenye bodi huipitisha ukingoni na kuishikiza pembeni ili isibanduke. Wanaonakili kutoka kwenye picha ya mbele husahau mbavu, na gitaa lao linaonekana kama limebandikiwa karatasi usoni.

Kwa nini rangi ya baiskeli ilikubali

Rangi inayotajwa siku zote kwenye kisa hiki ni ile ya makopo ya kupuliza iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya baiskeli za Schwinn, aina ya laka ya akriliki. Watu husimulia habari hiyo kwa mshangao, kwamba gitaa maarufu namna ile lilipakwa rangi ya baiskeli. Mimi sioni cha kushangaza. Kampuni ya Fender yenyewe katika miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa ikipaka magitaa yake ya rangi maalumu kwa rangi za magari za DuPont, zile za Duco na Lucite. Bluu yao ya Sonic Blue ilikuwa rangi ya Cadillac, na Fiesta Red ilikuwa ya Ford Thunderbird. Mteja aliyetaka rangi hizo aliongezewa asilimia 5 juu ya bei. Rangi ya vyombo vya barabarani iko kwenye damu ya gitaa la umeme tangu mwanzo, na Lucite nayo ilikuwa laka ya akriliki.

Cha muhimu ni tabia ya laka. Laka inakauka kwa tina (kiyeyusha rangi) kuruka hewani tu. Kilichobaki kwenye mbao ni utomvu uleule uliokuwa ndani ya kopo, haujabadilika kikemia, na ndiyo maana mkono mpya wa laka, yaani mpulizo mpya, unalainisha kidogo ule wa chini na kushikana nao. Rangi ya mafuta, ile inayoitwa enameli, inakwenda njia nyingine. Baada ya tina kuruka, inaendelea kufungamana na hewa kwa siku nyingi, na kuna kipindi katikati ambapo imekauka juu lakini chini bado mbichi. Ukipuliza mkono mwingine ndani ya kipindi hicho, tina mpya inapenya, ngozi ya juu inavimba na kukunjamana mpaka inaonekana kama ngozi ya mzee. Hakuna msasa wa kuiokoa hapo. Inakwanguliwa yote.

Sasa fikiria kazi ya tepu na rangi tatu kwa kutumia enameli. Ungepuliza nyeusi, ukangoja siku kadhaa, ukabandika tepu kwa wasiwasi kwamba gundi itang'oa rangi au itaacha alama, ukapuliza nyeupe huku ukiomba isikunjamane. Laka inakuruhusu ubandike tepu siku inayofuata, na mara nyingi hata jioni ya siku hiyohiyo. Inamfaa mtu mwenye haraka, anayetaka gitaa likapigwe wikiendi hii. Tena ni nyembamba. Mikono miwili mitatu ya laka haijengi unene mkubwa, na rangi ikiwa nyembamba tepu inabanduka na kuacha ukingo mkali.

Hasara yake ni kwamba laka si sugu. Inakwaruzika, inatoka vipande pale kifungo cha mkanda kinapogonga, na tina yoyote kali inaiyeyusha hata baada ya miaka. Mbao ya ashi inaongeza tatizo. Ina vinyweleo vipana, na usipovijaza kwa puti yake kabla ya rangi, laka inazama ndani yake kadiri inavyokauka na mistari ya mbao inaonekana kupitia rangi. Kwa mtu anayetaka kioo, hizo ni kasoro. Kwa gitaa lililopigwa jukwaani usiku baada ya usiku zilikuwa mwanzo wa sura nyingine, maana kila kilichotoka kilionyesha tabaka la chini yake.

Nyekundu ya mwaka 1979

Baada ya albamu ya kwanza kufanikiwa, magitaa ya mistari yakaanza kutengenezwa na kuuzwa na wengine. Van Halen alikereka, na mwaka 1979 akalirudia lake. Hakulikwangua mpaka kwenye mbao. Alibandika tepu mpya juu ya rangi ya zamani, akapuliza nyekundu, akabandua.

Hapa ndipo gitaa linapokuwa la ajabu kweli. Tepu mpya hazikufuata mistari ya zamani. Zilikaa zilipokaa, nyingine juu ya sehemu nyeupe, nyingine zikikata katikati ya mstari mweusi. Kwa hiyo ukifuata mstari mmoja wa gitaa jekundu kwa kidole, kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili, unakuta ni mweupe, kisha ghafla unageuka mweusi, halafu unarudi kuwa mweupe. Pale unapogeuka ndipo mstari wa toleo la kwanza ulipokuwa ukipita. Gitaa la jalada la 1978 bado limo ndani ya lile la 1979, limekatwakatwa na kuonekana kupitia nyufa za nyekundu. Ukichora mistari myeupe juu ya nyekundu, na baadaye ukaongeza vipande vyeusi hapa na pale ili kufanana, mkono wako utaviweka kwa mpangilio, sehemu zinazopendeza. Vipande vya Frankenstrat havina mpangilio wa kupendeza. Vina sababu, na sababu yake ni mistari ya zamani iliyofichwa.

Nyekundu ina tabia nyingine ambayo mpakaji anapaswa kuijua kabla. Rangi nyingi nyekundu hazifuniki vizuri. Juu ya nyeupe zinang'aa, juu ya nyeusi zinafifia na kuwa kama damu iliyokauka, na ukipuliza mikono michache mistari ya chini inaonekana kama kivuli. Pia pale tabaka la chini lilipokuwa na ngazi, yaani ukingo ulioachwa na tepu ya kwanza, ngazi hiyo inajitokeza juu ya nyekundu hata rangi ikifunika kabisa. Ukipitisha kidole unaihisi. Fundi rangi wa magari atakwambia uipige msasa mpaka ipotee. Kwa kazi ya aina hii, nashauri uiache.

Van Halen hakuishia kwenye rangi. Karibu na shingo aliweka pikapu ya koili moja ambayo haikuunganishwa na kitu, na katikati akachomeka swichi isiyofanya kazi, ili wanaomwiga wapoteze muda kutafuta siri. Nyuma akabandika viakisi mwanga vyekundu vya lori. Alipofunga briji (kishikio cha nyuzi) ya Floyd Rose, akaweka kando yake sarafu ya robo dola ya mwaka 1971 kwa skrubu. Vitu hivyo vyote vinazungumzwa sana, lakini mimi naona nyekundu ndiyo jibu lake kali zaidi kwa waigaji. Pikapu ya uongo ilimpoteza anayefungua gitaa. Mpangilio wa rangi ulimpoteza hata anayelitazama tu, na unaendelea kumpoteza mpaka leo.

Kuna gitaa lake jingine la mistari ambalo haliwezi kuchambuliwa tena. Ni lile jeusi lenye mistari ya njano, lililoonekana kwenye albamu ya pili ya 1979. Mpiga gitaa mwenzake Dimebag Darrell alipouawa mwezi Desemba 2004, Van Halen alilitoa, likazikwa naye.

Nakala ya dola 25,000

Mwaka 2007 Fender ilitoa nakala 300 za Frankenstrat kwa bei ya dola 25,000 kila moja, zikiwa na mikwaruzo na michubuko iliyopimwa kutoka kwenye gitaa la asili. Nakala nyingine, aliyoitumia Van Halen mwenyewe jukwaani na kuiita Frank 2, ilipokelewa mwaka 2011 na Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani ya Smithsonian, Washington. Gitaa la asili lilionyeshwa kwenye maonyesho ya ala za roki katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 2019. Van Halen alifariki tarehe 6 Oktoba mwaka uliofuata.

Kazi ya mafundi waliotengeneza nakala hizo naiheshimu sana. Kurudia mkwaruzo uliotokea kwa bahati, mahali palepale, kwa urefu uleule, ukifika kwenye tabaka lilelile, ni kazi ngumu kuliko kupaka gitaa jipya. Lakini kwa mtu wa kujifurahisha sioni faida ya kufuata njia hiyo. Nimeona magitaa yaliyopigwa kwa mnyororo na kuchomwa sigara ili yaonekane ya zamani, na daima michubuko inakuwa pale ambapo mkono na mkanda havifiki. Gitaa linachubuka mahali pake: pale kiwiko kinapolala, pale bizimu ya mkanda inapogusa mgongo, pale kidole kidogo kinapojishikiza. Paka vizuri, lipige, makovu yatakuja yenyewe.

Kulifanya pwani

Pasadena ni mahali pakavu. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar sivyo, na hapa ndipo njia ya Van Halen inahitaji kurekebishwa. Tina inaporuka kutoka kwenye laka inapoozesha uso wa mbao. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke unatua juu ya rangi ambayo bado haijakauka, unanaswa ndani, na uso unapata ukungu mweupe. Kwenye nyeupe huuoni. Kwenye nyeusi unaharibu kila kitu. Mafundi rangi wa magari wanaujua vizuri na wanauepuka kwa tina ya polepole, ile inayochelewa kuruka. Mwenye kopo la kupuliza hawezi kubadilisha tina iliyomo ndani, kwa hiyo silaha yake ni muda. Wakati wa masika usipulize. Miezi mingine, ngoja umande uishe na jua lipande, fanya kazi kabla ya jioni. Ukungu ukitokea, mara nyingi unaondoka ukipuliza unyunyu mwembamba wa tina ya polepole juu yake siku kavu, laka inafunguka na mvuke unatoka.

Usianze kwa kukwangua. Magitaa mengi ya bei nafuu yanatoka kiwandani yakiwa na ngozi nene ya polyesta, ngumu sana, na watu hupoteza wiki nzima wakiitoa kwa msasa mpaka wanaharibu umbo la bodi. Hakuna sababu. Ngozi hiyo ni msingi mzuri kuliko mbao yenyewe, haina vinyweleo na hainyonyi. Ipige msasa wa 320 mpaka mng'ao wote ufe, ifute, piga praima (rangi ya msingi), endelea. Kama bodi yako ni ya mninga na mbao yake inaonekana vizuri, tafadhali ipake mafuta na uiache. Mti ule haukustahili kufichwa chini ya nyekundu.

Kabla ya kununua rangi, jua ni ya aina gani. Makopo yanayouzwa madukani mengine ni laka na mengine ni enameli, na rangi mbili za kopo zinazofanana zinaweza kupigana. Puliza kidogo kwenye kipande cha bati, acha kwa muda mrefu, kisha sugua kwa kitambaa chenye tina. Laka inayeyuka na kutia rangi kitambaa. Kama haiyeyuki, si laka. Kanuni ya kushika ni kwamba usipulize laka juu ya enameli. Fundi wa gereji akikushauri 2K, yaani rangi inayochanganywa na kigumu chake kabla ya kupuliza, jua kwamba ni rangi nzuri na ngumu, lakini kigumu chake kina isosianeti, kemikali inayoumiza mapafu vibaya, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Kazi hiyo muachie mwenye chumba na barakoa ya hewa safi. Hata laka ya kawaida inataka barakoa yenye vichujio vya kaboni na mahali pa wazi, mbali na moto.

Funika kwa makini sehemu inayoingia shingo. Rangi ikijaa pale, shingo haikai sawasawa, na ukiilazimisha laka inapasuka kuanzia kwenye kona. Mashimo ya skrubu pia.

Tepu nunua ya mafundi rangi wa magari, isiyo ya zamani dukani, maana iliyokaa kwenye joto inaacha gundi. Ikishabandikwa, sugua ukingo wake kwa ukucha urefu wote. Halafu fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: kabla ya rangi mpya, puliza mkono mwembamba wa rangi ya chini juu ya tepu na kingo zake. Ikivuja, itakuwa rangi ileile iliyopo na haitaonekana, na itaziba upenyo wote. Baada ya hapo rangi ya juu haina pa kupita. Puliza mikono myembamba, kutoka kwenye tepu kuelekea nje, kamwe usielekeze rangi chini ya ukingo. Tepu ibanduliwe rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, ukiikunja juu yake yenyewe na kuvuta polepole kwa pembe ndogo. Ukichelewa mpaka kesho, pitisha wembe kwenye ukingo kwanza, la sivyo utang'oa vipande vya rangi pamoja na tepu.

Ukimaliza, liache gitaa lining'inie majuma machache kabla ya kufunga vyuma, na usiliegemeze kwenye stendi yenye mpira, kwa sababu mpira unayeyusha laka na kuacha alama isiyofutika. Kuhusu klia ya juu, ile laka isiyo na rangi inayopulizwa mwisho, mimi siiweki kwenye gitaa la mistari ya tepu. Inalainisha ngazi na kuifanya mistari ionekane kama picha iliyochapishwa. Na kama mpangilio wa kwanza haukukupendeza, usirudi kwenye mbao. Laka inaruhusu rangi ya tatu. Piga msasa mwepesi wa 600 kuondoa mng'ao, bandika tepu mpya bila kuangalia mistari ya zamani ilipo, chagua rangi inayofunika vizuri, puliza.